UZI: Kodeksi ya Florence, vitabu 12 vya Waazteki vilivyoandikwa katikati ya tauni, na majina ya watu walioviandika

Makabrasha (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kuna kitu nimekisoma kwa muda mrefu na kila nikitaka kumsimulia mtu naona dakika tano hazitoshi, bora nikimwage hapa jukwaani kwa nafasi. Ni mswada unaitwa Kodeksi ya Florence. Uliandikwa Meksiko kati ya 1575 na 1577, lugha mbili kwenye ukurasa mmoja, Kihispania safu ya kushoto na Kinahuatl safu ya kulia, na Kinahuatl ndio lugha ya wale tunaowaita Waazteki. Vitabu 12 ndani ya majuzuu 3, kurasa karibu 2,400, picha karibu 2,500 na zote za mkono. Humo kuna miungu, sikukuu, kalenda ya siku 260, ndege mbaya na dalili za mikosi, hotuba za wazee, wafalme, wafanyabiashara wa safari ndefu, mafundi wa manyoya na dhahabu, magonjwa na dawa zake, wanyama, mimea, mawe, na kitabu cha 12 ni vita yenyewe ya Wahispania, jinsi walivyoingia mpaka mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, ukaanguka tarehe 13 Agosti 1521.

Sasa popote utakaposoma habari za huu mswada utakuta jina moja tu, padri Bernardino de Sahagún. Sahagún kaandika, Sahagún kasema. Hoja yangu ni moja na nitaisimamia mwanzo mwisho: hii ni kazi ya Wanahua wenyewe, yaani wenye hiyo lugha ya Kinahuatl, majina yao yamo humo humo ndani, na hakuna sababu ya mtu kuisimulia bila kuwataja.

Padri naye ana sehemu yake, hatumruki. Alizaliwa Hispania karibu na 1499, akasoma Salamanca, akavuka bahari 1529 akiwa mtawa wa Kifransisko na hakurudi tena kwao, alifia Meksiko 1590. Mwaka 1536 kilifunguliwa chuo cha Santa Cruz pale Tlatelolco, wakakusanywa vijana wa familia za watawala wa Kinahua wakafundishwa Kilatini, na Sahagún akawa mmoja wa walimu. Hao vijana ndio roho ya hadithi yote, washikeni vizuri.

Kipanga wa Bara

Nimeweka kigoda mkuu, shusha madini.

Nyamizi

Swali kabla hujaendelea, huyo padri alikuwa anataka nini hasa? Mmisionari hawezi kukaa miaka yote hiyo anaandika dini ya watu bila sababu yake.

Makabrasha

Nyamizi umeuliza penyewe. Sababu kaisema mwenyewe kwenye utangulizi bila kuficha, kwamba daktari hawezi kumpa mgonjwa dawa sawasawa kama hajajua ugonjwa umeanzia wapi, na kwake yeye ugonjwa ni ibada za kale, kwa hiyo mapadri wazijue ili wakiziona wazitambue na kuzing'oa. Hilo ndilo lengo lililolipiwa karatasi na wino. Ila kazi ikamvuta mbali sana kuliko hapo, maana huhitaji aina zote za nyanya sokoni ili kupambana na sanamu.

Namna walivyoifanya ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Kati ya 1558 na 1561 alikuwa mji wa Tepepulco, akamwomba mtawala wa pale, Don Diego de Mendoza, ampe wazee wanaojua mambo. Akapewa kama 10 au 12. Pamoja nao vijana wanne waliosoma kile chuo, wanaojua Kilatini, Kihispania na lugha yao. Maswali yanaulizwa, wazee wanajibu kwa michoro kwa sababu ndiyo ilikuwa njia yao ya kuweka kumbukumbu tangu zamani, halafu wale vijana wanaandika maelezo kwa Kinahuatl chini ya mchoro. Karibu miaka miwili hivyo. Akahamia Tlatelolco, wazee wengine 8 au 10, yote yakapitiwa upya, yakarekebishwa, yakaongezwa. Baadaye akiwa Mexico City akayapanga kuwa vitabu 12, Kinahuatl kikakamilika 1569.

Na fikirieni wale wazee walikuwa wanaongea katika hali gani. Mwaka 1539 mtawala mmoja wa Texcoco, Don Carlos, alichomwa moto hadharani kwa kosa la kushikilia dini ya zamani. Miaka kama 20 baadaye mtawa wa Kanisa lile lile anakaa mbele yao anawaambia nielezeni miungu yenu na sikukuu zake moja moja. Walisema. Kwa kirefu, kwa mpangilio, bila kuomba radhi. Mimi hapo nawavulia kofia.

Majina sasa. Antonio Valeriano wa Azcapotzalco, huyu Sahagún mwenyewe anamtaja kuwa ndiye mkuu na mwenye elimu kuliko wote, na alikuja kuwa gavana wa Wahindi wa Mexico (Wahindi ndivyo Wahispania walivyowaita wenyeji) kwa zaidi ya miaka 20. Alonso Vegerano wa Cuauhtitlan. Pedro de San Buenaventura, wa Cuauhtitlan pia. Martín Jacobita wa Tlatelolco. Waandishi walionakili kwa hati nzuri ni Diego de Grado na Bonifacio Maximiliano wa Tlatelolco na Mateo Severino wa Xochimilco. Kwenye mambo ya dawa wametajwa matabibu wa Tlatelolco, wakiwemo Gaspar Matías na Francisco Simón, watu wazima wenye uzoefu wa kutibu hadharani. Wachoraji ndio hawakuandikwa majina na hilo linaniuma.

Shemeji wa Urambo

Aisee. Umegusia nyanya, kuna habari za nyanya kweli humo? Mimi ni mtu wa sokoni hizo ndizo nataka.

Makabrasha

Zipo shemeji, kitabu cha 10. Mle wanaelezwa watu wa kila aina, baba, mama, mjomba, fundi, tabibu, muuzaji wa kila bidhaa, na kila mmoja anaelezwa mara mbili, aliye mwema na aliye mbaya. Muuza nyanya anatajiwa nyanya kubwa, ndogo, za njano, nyekundu, zilizoiva sana, mpaka za rangi ya alfajiri. Muuza nyanya mbaya anauza zilizooza, zilizopondeka, zile zinazokuharisha. Yaani unaisoma unajua kabisa aliyesimulia alishawahi kuuziwa.

Lakini sikilizeni ya muuza kakao. Mbegu za kakao zilikuwa ni kinywaji na zilikuwa pesa pia, unanunulia vitu sokoni. Kwa hiyo palikuwa na wachakachuaji. Kitabu kinaeleza jinsi muuzaji mwovu anavyozichukua mbegu mbichi, anaziweka kwenye majivu ya moto na kuzikaanga ili zionekane zimenona, na wengine wanatengeneza kabisa kakao ya bandia, anachukua unga wa mchicha-nafaka uliokandwa, au nta, au kokwa la parachichi, analichonga, halafu anafunika na ganda halisi la kakao, anachanganya na zile nzima ukija unapigwa. Pesa feki kabla hata Mhispania hajafika! Na kitabu cha 9 kinasema wale wafanyabiashara wa safari, pochteca, wakirudi na mali wanaingia mjini usiku, mali wanaificha nyumba ya jamaa, na wakiulizwa wanasema sio yangu nimetumwa tu. Watu wenye kuogopa macho ya watu. Kuna wengine walikuwa wanavaa kama wenyeji wa nchi za adui na kusema lugha yao, huku wanafanya biashara huku wanapeleleza.

Nyamizi

Hapo kwenye kuficha mali nimecheka, kumbe ni dunia nzima.

Mtumwa wa Haki

Sawa mkuu ila tusipambe sana. Hawa si ndio walikuwa wanapasua watu vifua na kuwatoa mioyo? Mbona hilo unalizunguka?

Makabrasha

Sikulizunguka, nilikuwa sijafika. Ndiyo, kitabu cha 2 kinaeleza sikukuu za mwaka mzima na nyingi zina kafara ya watu, nani anachinjwa, wapi, kavaa nini, nani anapewa nyama. Hakuna anayekataa, wazee ndio waliosimulia wenyewe na wachoraji wakachora. Anayetaka kuwafanya malaika atafute mswada mwingine.

Ila mkono ule ule umeandika na haya: kitabu cha 6, kuhusu mama anayejifungua. Kwao uzazi ni vita. Mtoto akitoka salama mkunga anapiga kelele za vita kwa sababu mama kapigana na kamkamata mateka. Akifa kwenye uzazi anaheshimiwa kama askari aliyefia vitani. Askari wanaume waliokufa wanalisindikiza jua kutoka linapochomoza mpaka utosini, na hapo wanalipokea wale wanawake wanalishusha mpaka linapozama. Kitovu cha mtoto wa kiume wanapewa askari wakakizike uwanja wa vita, cha mtoto wa kike kinazikwa nyumbani jikoni. Na hotuba ya mkunga kwa kichanga, anavyomwambia umekuja mahali pa mateso na uchovu, penye baridi na upepo, ni maneno mazito ambayo nikiyasoma huwa naweka kitabu chini kwanza. Sasa mtu akichukua kitabu cha 2 peke yake akasema hawa ndio Waazteki, hajasema uongo ila kawakata nusu.

Kwenye hicho hicho cha 6 kuna methali na vitendawili. Kitendawili!

Kipanga wa Bara

Tega!

Makabrasha

Kibuyu cha buluu kimejaa bisi.

Na cha pili: anapita bondeni anapigapiga viganja kama mama anayetandaza chapati za mahindi.

Na cha tatu: unaingilia sehemu tatu unatokea sehemu moja.

Shemeji wa Urambo

Cha kwanza mbingu na nyota. Hicho kimekaa vizuri bwana. Cha pili ni ndege?

Binti Makorora

Cha pili kipepeo! mabawa yanavyofunga na kufungua. Cha tatu nimeshindwa nakupa mji.

Makabrasha

Binti umepata na shemeji umepata. Kwa mji niliopewa nasema hivi, cha tatu ni shati. Shati lilikuja na Wahispania, kwa hiyo hapo unaona watu mji wao umevunjwa, wamevalishwa nguo za wageni, na bado wamekaa wanatega vipya. Hii lugha haikuwa ya makumbusho wakati inaandikwa, ilikuwa inaendelea na maisha.

Daktari wa Kijiweni

Mleta uzi mimi nina hoja ya kitabu cha 12. Tumefundishwa kwamba Waazteki walimwona Cortés, kamanda wa Wahispania, wakadhani ni mungu wao Quetzalcoatl karudi, ndio maana wakashindwa kirahisi. Na nimesikia chanzo chake ni hiki hiki kitabu unachokisifia. Unasemaje?

Makabrasha

Daktari umepiga kwenye mfupa. Ni kweli hiyo habari imo kitabu cha 12, kwamba mfalme wa Tenochtitlan, Moctezuma, alidhani hivyo. Lakini angalia imeandikwa lini na nani. Imekusanywa zaidi ya miaka 30 baada ya vita, wasimulizi wake ni watu wa Tlatelolco, mji pacha uliokuwa chini ya Tenochtitlan, na hawa wana lao jambo. Ukisoma utaona mashujaa wote wa mwisho ni wa Tlatelolco, na lawama zote anabebeshwa Moctezuma wa Tenochtitlan, mwoga, analia, anataka kukimbilia pangoni. Kizazi kilichobaki kilikuwa kinajiuliza tulishindwaje, na jibu rahisi lilikuwa mfalme mmoja aliyechanganyikiwa. Barua za Cortés mwenyewe kwa mfalme wake hazisemi popote kwamba alichukuliwa kuwa mungu, na mtu kama yule angekosa kujisifia hilo? Siku hizi watafiti wengi wameiweka hiyo hadithi pembeni. Chuma, farasi, na zaidi ya vyote maelfu kwa maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala na miji mingine iliyochoka kutozwa kodi na Tenochtitlan, hao ndio walioangusha mji. Na ndui.

Ndui iliingia 1520. Kitabu kinaieleza kwa macho ya aliyelala mkekani: vipele usoni, kichwani, kifuani, mtu hawezi kugeuka, hawezi kulala kifudifudi wala chali, akisogezwa anapiga yowe, na wengi walikufa kwa njaa tu kwa sababu hakuna mzima wa kumlisha mgonjwa. Picha yake ni maarufu, watu wamelala kwenye mikeka wamejaa vipele na mwanamke kainama anamhudumia mmoja wao. Mfalme aliyemfuata Moctezuma, Cuitlahuac, aliuawa na ugonjwa huo.

Sasa nikuonyeshe kwa nini nasisitiza safu ya kulia. Kitabu hicho cha 12, sura ya wajumbe wa Moctezuma kuwapelekea Wahispania dhahabu njiani. Safu ya Kihispania inasema kwa kifupi walifurahi na wakaonyesha kwamba wanaithamini sana. Nenda safu ya Kinahuatl: waliishika ile dhahabu kama nyani, nyuso zikawaka, wana kiu nayo, wana njaa nayo, wanaitamani kama nguruwe. Ukurasa mmoja, tukio moja! Aliyesoma Kihispania tu kwa miaka yote hiyo hakuambiwa kitu.

Tena kuna mahali safu hazizungumzi jambo moja kabisa. Kitabu cha 10 Kinahuatl kinataja viungo vya mwili, kimoja baada ya kingine, nywele, ngozi, mfupa, na pembeni yake Sahagún badala ya kutafsiri kaanza kuandika habari za chuo, jinsi kilivyoanza, jinsi watu walivyokibeza wakisema Mhindi hawezi Kilatini, na jinsi wanafunzi walivyokuwa wanamalizika kwa tauni wakati ule anaandika. Hiyo ni Novemba 1576. Anasema pia tauni ya miaka 30 nyuma, ya 1545, alizika pale Tlatelolco zaidi ya maiti 10,000 na mwishoni naye ikampata.

Nyamizi

Subiri, kwa hiyo wakati wanaandika hiki kitabu kulikuwa na tauni nyingine?

Makabrasha

Ndiyo, ndiyo ile kubwa ya 1576, wenyewe waliita cocoliztli. Hapa kidogo nirudi nyuma. Kazi ilikuwa imesimamishwa tangu 1570. Wakubwa wa shirika lake walisema kulipa waandishi ni kinyume na kiapo cha ufukara, aandike kwa mkono wake mwenyewe. Mzee ana miaka zaidi ya 70, mkono unatetemeka hashiki kalamu. Makaratasi yakatawanywa kwenye nyumba za watawa huku na huku. Mwaka 1575 akaja mkubwa mwingine, Rodrigo de Sequera, akaipenda kazi, akaagiza itafsiriwe Kihispania na iandikwe upya vizuri. Kwa hiyo timu ikaingia kazini Tlatelolco na baada ya muda mfupi tauni ikaja juu yao.

Unaweza kuiona kwenye kurasa. Picha za mwanzo zina rangi nzito, nyekundu, buluu, kijani. Nyekundu moja waliyotumia inatoka kwa mdudu anayekaa kwenye dungusi kakati, nocheztli, na kitabu cha 11 kinaeleza jinsi anavyopatikana. Ukisonga mbele kwenye vitabu vya mwisho rangi inapungua, kitabu cha 12 karibu chote ni wino mweusi. Watafiti wanaihusisha na tauni, masoko hayafanyi kazi, rangi haipatikani. Wachoraji wenyewe waliendelea.

Halafu tarehe 22 Aprili 1577 mfalme Filipo wa Pili kule Hispania anatoa amri kwa gavana wake, kazi ya Sahagún ikusanywe yote ipelekwe kwake isibaki hata nakala, na mtu yeyote asiruhusiwe kuandika ibada na maisha ya Wahindi kwa lugha yoyote ile. Mswada ukavuka bahari, na kabla karne ya 16 haijaisha ulikuwa Florence mikononi mwa familia ya Medici. Upo huko mpaka leo kwenye maktaba ya Laurenziana. Kihispania chake kilikuja kuchapwa Meksiko 1829, kutoka nakala nyingine. Kinahuatl kilisubiri zaidi, tafsiri kamili ya Kiingereza waliifanya Arthur Anderson na Charles Dibble kuanzia 1950 mpaka 1982. UNESCO waliuingiza kwenye Kumbukumbu ya Dunia 2015.

Mtumwa wa Haki

Mkuu nimekuelewa. Ila bado naona bila padri kusingekuwa na kitu, yeye ndiye aliyepigania hela na karatasi. Tusiende upande wa pili tukamfuta yeye.

Makabrasha

Hilo nakubali, na sikusudii kumfuta. Alikaa na kazi hii karibu maisha yake yote na alipigwa vita na watu wake. Lakini kusimamia ni kitu kimoja. Aliyekaa na mzee akasikiliza, akatafuta herufi za Kilatini za kuandikia lugha ya mama yake, akapanga sentensi, ni Valeriano na wenzake, na mzee aliyetoa maneno hata jina hakuandikwa. Tuseme wote. Sahagún kwenye utangulizi wake aliwataja wenzake, sisi wa leo ndio tunaowaacha.

Binti Makorora

Sisi wa huku tunausoma wapi? Au ndio mpaka Italia?

Makabrasha

Bure kabisa mtandaoni. Taasisi ya Getty ya Marekani iliuweka wote 2023, kila ukurasa kwa picha safi, Kinahuatl, Kihispania na Kiingereza, na unaweza kutafuta picha kwa neno, ukitaka mbwa unaletewa mbwa wote. Ushauri wangu usianzie kitabu cha 1, utachoka na majina ya miungu. Anza na cha 10 kwenye wauzaji wa sokoni, halafu cha 11 uwatazame ndege tu, halafu cha 6, na cha 12 kisome ukiwa umetulia na usome Kiingereza kilichotoka kwenye safu ya Kinahuatl, sio kile cha Kihispania. Na Kinahuatl bado kinasemwa, zaidi ya watu milioni 1.5 Meksiko, kwa hiyo wenye kitabu wapo na sasa nao wanakifungua kwenye simu kama wewe.

Kesho nikipata nafasi nitaweka hapa picha za kitabu cha 11 na maelezo yake, shemeji wa Urambo nitaanza na ukurasa wa parachichi, humo wanaonya mama anayenyonyesha asile maana mtoto ataharisha.